Watoto wa Kuazima

Siku aliyokuja mtathmini, ukumbi wetu wa Husby, kitongoji cha Stockholm, ulijaa watoto nisiowajua. Nilisimama mlangoni na koti mkononi nikawatazama mmoja mmoja. Wasichana walikuwa wamesukwa vizuri, wavulana wamevaa mashati ya kanisani, na wote waliketi wakitazama mbele kama watu wanaongoja kupigwa picha. Nimekaa Husby miaka mingi. Watoto wa ngazi ya jengo letu nawajua, na wa jengo la pili nawajua, najua nani ana ufunguo shingoni na nani humngojea mama yake kituoni. Hawa hawakuwa wa kwetu. Walikuwa watoto wa kwaya, walioletwa kwa magari kutoka vitongoji vya Jakobsberg na Vällingby asubuhi ile ile.

Hasira iliyonipata pale mlangoni bado ninayo, na ninaandika nikiwa nayo.

Mimi ni mkubwa katika watoto wanne. Mama alifariki Uvira, kwetu Kongo, baba akafariki tukiwa kambi ya wakimbizi, na tangu hapo mzazi nikawa mimi. Shule niliiacha darasa la sita, kwa sababu lazima mtu apange foleni ya maji na foleni ya unga, na wadogo hawakuweza. Sisemi haya ili nihurumiwe. Huruma nitaifikia baadaye, maana nayo iliniudhi. Nasema ili ieleweke kwamba tulipofika Sweden nilikuwa na neno moja tu kichwani: wale watatu wasome mpaka waseme wenyewe kwamba inatosha. Wawili wamemaliza, wana kazi na nyumba zao. Alibaki kitinda mimba, mdogo wangu wa kike, aliyeingia nchi hii akiwa mgongoni kwangu, na ambaye leo nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi.

Mwaka ninaouzungumzia alikuwa darasa la tisa, na katika hesabu alikuwa na F, alama ya kufeli. Hapa mtoto akimaliza darasa la tisa na F ya hesabu haingii sekondari ya juu pamoja na wenzake. Anawekwa katika darasa la pembeni la kurudia, na wengi wakishaingia humo hawatoki. Mdogo wangu alitaka kuwa mfamasia. Alikuwa akitaka hivyo tangu siku alizokuwa akisimama juu ya stuli jikoni kunisomea karatasi za dawa zangu za presha, kwa sababu Kiswidi changu kilikuwa bado kigumu. Hamu alikuwa nayo tele. Kilichomshinda ni milinganyo. Akikuta herufi na tarakimu zimewekwa pamoja, anaganda.

Basi ukaja mradi wa Jumamosi. Vijana wawili wa chuo kikuu, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wamevaa fulana za rangi ya chungwa, walikuwa wakija ukumbini saa nne asubuhi na masanduku ya chupa na maputo. Katika mkutano wa kwanza walituambia wamekuja kuwaamsha vijana wa vitongoji waipende sayansi. Nililishika neno hilo, kuwaamsha. Nilimtazama mdogo wangu, macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha juu ya kitabu cha hesabu, nikajiuliza ni nani hapa aliyelala.

Hata hivyo nilimpeleka. Nilibadilishana zamu na mwenzangu kazini, maana mimi huhudumia wazee majumbani mwao, na Jumamosi ni siku ambayo kila mtu anaikimbia. Jumamosi ya kwanza walichanganya siki na magadi, povu likapanda, watoto wadogo wakashangilia. Ya pili puto lilijaa lenyewe juu ya chupa. Ya tatu tena povu, safari hii limetiwa rangi. Mdogo wangu alikuwa amekuja na kitabu chake mkobani. Jumamosi ya nne alikitoa, akamwendea yule kijana wa kiume, akamwonyesha ukurasa na kumuuliza kama angeweza kumweleza hatua moja tu, ile ambapo kitu kinahamishwa upande wa pili.

Kijana alicheka vizuri tu, bila ubaya. "Hapa si shule," akamwambia. "Hapa tunafurahi."

Mdogo wangu alifunga kitabu. Tulipofika kwenye lifti ya jengo letu akanigeukia.

"Yaya," akasema, ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa, "ile ni ya watoto wa miaka saba."

"Mwambie basi."

"Nimemwambia. Amecheka."

Hakurudi tena. Na hakuwa peke yake. Wasichana wakubwa wa mtaa wetu waliacha mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na sababu ambayo hakuna aliyeiuliza. Mama zao wako kazini Jumamosi. Wanaosha ofisi, wanaendesha mabasi, wanahudumia wazee kama mimi. Binti mkubwa ndiye anabaki na wadogo. Mmoja alikuja amembeba mdogo wake wa miaka mitatu, akaambiwa kwa upole kwamba mradi ni wa kuanzia miaka saba kwa sababu ya usalama wa chupa. Aligeuka na mdogo wake wakarudi nyumbani. Kufika majira ya baridi, vijana wa fulana za chungwa walikuwa wakimwaga povu lao mbele ya watoto watano, sita, na hao walikuja kwa ajili ya juisi.

Ndipo tukaambiwa anakuja mtathmini, wa kuwaandikia wafadhili kama mradi unafaa. Tuliambiwa wiki kadhaa kabla, kwa heshima, ili tujiandae. Na sisi tukajiandaa kweli.

Chama chetu cha watu wa Kongo na Burundi kina kiongozi ambaye sote tunamwita Papa Prezida. Ni mtu mzima, fundi wa magari, na si mtu mbaya. Alitukusanya jioni moja baada ya ibada. Kiswahili chake ni cha Bukavu, hakikubadilika hata kidogo.

"Mugeni anakuya," akasema. "Atakuta nini? Biti bitupu?"

"Lakini ni vitupu, Papa," nikamwambia.

Watu walicheka. Yeye pia alicheka.

"Dada yangu, mugeni akikuya kwako na hauna sahani, unamupea chakula mu mukono? Unaenda kwa jirani, unaazima."

Hapo alikuwa amesema jambo ambalo kila mmoja mle ndani analijua mwilini mwake. Sisi tunaazima. Mchungaji akija nyumbani, viti vinatoka kwa majirani watatu. Posa ikija, hata vikombe na pazia la sebuleni si vyetu, na jirani anayeombwa hasemi lolote, kwa sababu kesho ataomba yeye. Mgeni haachwi aone upungufu. Nimelelewa hivyo na nimewalea wadogo zangu hivyo. Lakini yule hakuwa mgeni wa posa. Alikuwa anakuja kuona upungufu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

"Akiona watoto wengi, ataandika kwamba mambo ni mazuri," nikasema. "Na yakishaandikwa kuwa mazuri, nani atatuletea mwalimu wa hesabu?"

"Na akiona ukumbi mutupu atafunga," akajibu. "Bakifunga, na ukumbi unaenda. Kwaya itaimbia wapi, kwako?"

Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Mradi ndio ulioupata ukumbi, na kwaya ilifanya mazoezi humo Jumamosi mchana, vijana wa chupa wakishaondoka. Mama mmoja Mkenya aliyekaa nyuma yangu aliniinamia sikioni. "Aki wewe, usituaibishe mbele ya mzungu," akasema. "Si uchangie tu mandazi kama wengine?"

Sikupika mandazi.

Basi siku ikafika, na ndivyo nilivyojikuta mlangoni nikitazama watoto wa kuazima. Mtathmini alikuwa mwanamke wa Kiswidi wa makamo, nywele fupi za mvi, viatu ameviacha mlangoni bila kuambiwa. Kwanza alikaa na watoto. Aliwapa vibandiko vya nyuso tatu, kijani inayocheka, njano isiyo na neno, nyekundu iliyonuna, wabandike ukutani kuonyesha wanavyouona mradi. Kivulana kimoja cha Jakobsberg kilimuuliza mwenzake kwa sauti ya kusikika, "Tulisema rangi gani?" Mwenzake akamwonyesha kijani. Ukuta ukawa kijani tupu. Mtathmini aliupiga picha.

Kisha akaketi na sisi wazazi kwenye duara. Mdogo wangu alikuwa amekaa nyuma, nilimwomba aje, akaja kwa shingo upande. Mtathmini aliuliza kama tumeridhika. Mmoja alisema nzuri. Wa pili alisema nzuri sana. Mama Mkenya alisema kwa Kiingereza kwamba Mungu awabariki. Nilipofikiwa niliongea Kiswidi, nacho changu kina lafudhi lakini kinasimama.

Nilisema: "Hawa watoto hawahitaji kuamshwa. Wako macho. Wa darasa la tisa wanahitaji mtu wa kukaa nao na hesabu. Na wanahitaji kuruhusiwa kuja na wadogo zao, kwa sababu sisi tuko kazini. Wakubwa wameuacha mradi kwa sababu hiyo. Mdogo wangu yule pale aliacha Jumamosi ya nne."

Mtathmini alishika kalamu. "Unaweza kunipa mfano?"

Nikaanza kumpa mfano. Sikufika mbali. Papa Prezida aliweka mkono begani kwangu, mkono mzito wenye upendo, akaanza kueleza kwa Kiswidi chake. "Dada yetu amechoka. Amelea wadogo peke yake, baba na mama walikufa vitani. Anafanya kazi nyingi. Ana mawazo mengi sana."

Baba na mama hawakufa vitani. Walikufa kwa homa na kwa kukosa dawa, lakini hata hilo halikuwa na nafasi. Nilimtazama yule mwanamke na nikaona uso wake unabadilika. Alikuwa ananisikiliza kama mtu mwenye habari, sasa alinitazama kama mtu mwenye matatizo. Macho yalilainika. Aliinamisha kichwa upande mmoja. Kalamu ikalala.

"Lazima ilikuwa ngumu sana kwako," akasema.

Nimewaosha wazee wa Kiswidi migongo kwa miaka, nimetukanwa na waliochanganyikiwa na nikacheka nao. Sijawahi kukaribia kumpigia mtu kelele kama nilivyokaribia wakati ule.

"Usinionee huruma," nikamwambia. "Waulize hawa watoto wanakaa wapi."

Alishangaa kidogo. Kisha akanieleza kwa utaratibu, kama anavyofundishwa mtu asiyejua nchi. "Hatuulizi watoto wanakaa wapi. Ni sheria ya kulinda taarifa zao."

"Basi niulize mimi."

"Maoni yako nimeyapokea. Ni muhimu sana."

Mandazi yakafunguliwa. Sombe, kisamvu cha kwetu, ikaletwa, wali ukaletwa, mtathmini akavishwa kitenge mabegani, kwaya ikaimba. Akaomba mwenye kupika amwandikie jinsi ya kupika sombe. Watu walikuwa na furaha ya kweli, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Hakuna aliyejiona anadanganya. Walikuwa wamempokea mtu vizuri. Mdogo wangu alikuwa ameshaondoka. Nilimkuta nyumbani amejilaza na viatu.

"Umeona sasa," akasema kwa Kiswidi. "Wewe ndiye ulisema niende."

Majira ya kuchipua tuliitwa tena tuelezwe matokeo. Walituonyesha picha za ukuta wa kijani. Walituambia mradi umewafikia walengwa wake, hivi ndivyo walivyotuita, na kwamba utaendelea ulivyo na kupelekwa pia vitongoji vingine viwili. Kulikuwa na sentensi moja iliyonihusu. Mzazi mmoja alitamani msaada wa masomo. Watu walipiga makofi. Papa Prezida alinikonyeza kwa urafiki: umeona, ukumbi upo.

Mwisho wa mwaka wa shule mdogo wangu alipata F.

Wenzake walivaa nguo nyeupe, kama ilivyo desturi hapa siku ya kufunga shule, wakaenda kuimba uani mwa shule. Yeye alivaa nyeupe pia, akaimba, akarudi akaivua.  Niliingia shuleni kwake na nguo za kazi nikakaa mpaka mtu akanisikiliza, na ndipo nikaambiwa kwamba yapo masomo ya likizo kwa wenye F, na kwamba tungeweza kujiandikisha. Kumbe yalikuwepo. Aliyeyafundisha alikuwa mwalimu wa kawaida, mwanamke mwenye mafua yasiyokwisha, katika chumba kilichokuwa moto kama oveni, na watoto wachache kwenye meza moja. Hakuwafurahisha hata kidogo. Aliwakalisha na hatua ile ile, ya kuhamisha kitu upande wa pili, mpaka mdogo wangu akaacha kuganda. Kabla likizo haijaisha alifanya mtihani akapata E. Ni alama ndogo kuliko zote za kufaulu, nami niliipokea kama wengine wanavyopokea shahada. Akaingia sekondari ya Jakobsberg, mchepuo wa sayansi, kwa nafasi iliyoachwa na mwingine.

Ningeweza kuishia hapo na kusema yameisha. Lakini Novemba Papa Prezida aligonga mlango wetu. Alivua kofia, akakubali chai, akazungumza habari za hali ya hewa na za watu wa Bukavu. Kisha akafika.

"Banataka kumupiga mutoto filamu," akasema. "Kwa sherehe ya mradi. Kwamba alikuwa na F, akakuya Jumamosi, sasa iko sayansi. Bamefurahi sana. Mimi ndiye nilibaambia habari yake."

"Uliwaambia alisoma wapi?"

"Dada, si alikuya?"

"Jumamosi nne."

"Nne si kukuya?"

Niliweka kikombe chini. Miezi ile yote ya majira ya joto, mtoto amekaa katika oveni ile na wenzake wako ziwani wanaogelea, na sasa watu wa povu wanakuja kuichukua E yake waibandike ukutani na nyuso za kijani. Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie yote. Mdogo wangu akatoka chumbani. Alimsalimia Papa Prezida vizuri, kwa Kiswahili, kwa mikono miwili kama nilivyomfundisha.

"Papa, nitakuja," akasema. Kisha akahamia Kiswidi. "Ila nitasema ilivyokuwa. Kwamba niliomba msaada nikaambiwa hapa tunafurahi. Kwamba nilifaulu shuleni, kwenye masomo ya likizo. Nikiruhusiwa kusema hivyo, nakuja."

Papa Prezida alinitazama mimi badala ya kumtazama yeye. "Umemufundisha."

"Hapana," nikasema. "Amefundishwa na nyinyi."

Alimaliza chai yake, maana kuiacha kungekuwa matusi, akavaa kofia akaenda. Hawakumpiga filamu. Walimpata msichana mwingine, wa kwaya, na yeye alisema vizuri walivyotaka.

Jumamosi iliyofuata sikuwa na zamu. Niliteremka ukumbini kabla ya saa nne. Vijana wawili wa fulana za chungwa walikuwa peke yao wakipanga chupa. Sikusalimia kwa maneno mengi. Niliwaambia kwamba wasichana wakubwa wa mtaa huu wanashindwa hesabu, kwamba Jumamosi wanalea wadogo zao, na kwamba kama mmoja wao atakaa pembeni na vitabu huku mwenzake akiwachezesha wadogo na hilo povu, ukumbi utajaa bila mtu kuazima mtoto.

Walitazamana. Yule wa kike akasema yeye anasomea ualimu wa hesabu. Akasema angependa kufanya hivyo kuliko hizi chupa, hata leo, kama wapo watakaokuja. Akasema walidhani tunapenda chupa, waliambiwa hivyo, ilikuwa imeandikwa.

Nikawapigia simu mama watatu. Kabla ya saa tano walikuwa wamekuja wasichana wanne na wadogo zao, na mmoja wao ni yule aliyerudishwa kwa sababu ya mdogo wake wa miaka mitatu. Walikaa pembeni na yule mwalimu mtarajiwa na hawakucheka hata mara moja. Mambo yote niliyoyasema kwenye duara la mtathmini yalikuwa yametekelezwa kwa muda unaotosha kuchemsha chai.

Watu wananiambia ningepaswa kufurahi. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira kuliko siku zote. Kumbe ilikuwa rahisi kiasi hicho. Mdogo wangu angeweza kuwa na dada yule wa hesabu mwaka mzima, akavaa nyeupe yake siku ile akabaki nayo mpaka jioni.

Nilipokuwa natoka, kijana wa kiume alinifuata mlangoni. Ndiye aliyecheka ile Jumamosi ya nne, ingawa hakukumbuka.

"Lakini kwa nini hamkusema mapema?" akaniuliza, na aliuliza kwa moyo safi.

"Nilisema," nikamjibu. Nikafunga zipu ya koti, nikapanda kwenda kumpikia mdogo wangu, ambaye siku hizi anarudi kutoka sekondari na milinganyo mirefu kuliko ile, na Jumatatu, ukumbi ukiwa umefungwa, bado hajui atamuuliza nani.